Ukitaka kumrekodi askari akiwa kazini: maelezo ya fundi simu wa Mwanga

Meza yangu ya ufundi simu iko Mwanga, hapa Kigoma mjini, na mimi si wakili. Lakini kuna kazi moja hainiishi mezani. Mtu anakuja, anaangalia nyuma kwanza, kisha ananisogezea simu: "Fundi, humu kulikuwa na video, imefutwa. Inarudi?" Nikiuliza video ya nini, sauti inashuka. Trafiki. Mgambo sokoni. Doria ya usiku. Ukaguzi wa njiani kwenda Kasulu.

Nyingine narudisha, nyingine zinanishinda. Kinachoniuma ni kwamba hata ninazorudisha, nyingi hazimfai mwenyewe. Video ya dakika tatu, mbili na nusu ni yeye anatukana. Au video ni nzuri kabisa, ila ameshairusha kwenye magrupu saba na maneno ya chumvi, na sasa anayetafutwa ni yeye, si askari. Kubonyeza kitufe chekundu ni kazi ya kidole kimoja. Shughuli iko kabla na baada, na huko ndiko nitakaa zaidi.

Hatua ya kwanza: jua sheria imesimama wapi

Katiba yetu ya Tanzania ya 1977 haikutaja kamera wala askari. Ibara ya 18 inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni na haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari. Askari mwenye sare anayemkagua mtu barabarani mchana kweupe anafanya kazi ya umma mahali pa umma, na haki ya kumrekodi inaegemea hapo. Ibara ya 30 nayo inaruhusu haki kuwekewa mipaka kwa ajili ya haki za wengine na usalama wa umma, na Ibara ya 16 inalinda faragha, ikiwamo ya yule anayekamatwa. Kwa hiyo usijiandae kumwonyesha askari kifungu kilichoandikwa "raia ruksa kurekodi". Maneno hayo hayamo.

Mambo yanayowaingiza watu matatani ni mengine. Lipo la kumzuia askari kufanya kazi yake, ambalo ni kosa ndani ya Kanuni ya Adhabu. Kusimama pembeni na simu yako si kuzuia. Kujipenyeza katikati ya askari na mtu anayefungwa pingu ni kuzuia, hata kama mkononi huna kitu zaidi ya simu.

Lipo la mahali. Kambi ya jeshi, chumba cha mahakama, ndani ya kituo cha polisi, kambi za wakimbizi kama Nyarugusu, na popote penye kibao cha kukataza picha: simu mfukoni. Bandarini, uwanja wa ndege na mpakani Manyovu mimi binafsi sitoi simu, kibao kiwepo kisiwepo. Mkoa wa mpakani una macho mengi, na video ya dakika moja haistahili kukuletea maswali ya ujasusi.

Halafu ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Lakini isome vizuri: kosa ni kuchapisha habari za uongo ukijua ni za uongo, kwa nia ya kukashifu, kutisha, kutukana au kupotosha watu. Kurekodi hakutajwa hapo. Mguu wa mtu huwa unanasa siku ya kurusha, tena kwenye maneno aliyoyabandika juu ya video.

Hiyo ndiyo sheria. Barabara ya Kasulu saa tatu usiku ni kitu kingine, na hatua zinazofuata zimeandikwa kwa ajili ya barabara.

Hatua ya pili: iandae simu ukiwa nyumbani

Hapa ndipo kwenye fani yangu, nivumilie.

Anza na namba ya siri. Ile michoro ya kuunganisha nukta, mtu aliyekaa nyuma yako kwenye daladala anaijua. Weka namba sita. Alama ya kidole ni rahisi kwako, na ni rahisi vilevile kwa mtu atakayekushika mkono na kuubandika kwenye simu. Ukizima simu na kuiwasha, kidole hakifanyi kazi mpaka namba iingizwe kwanza. Kumbuka hilo siku ukiona mambo yanabadilika.

Jaribu sasa hivi: simu ikiwa imefungwa, bonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili haraka haraka. Kwenye Tecno, Infinix, Samsung na nyingine nyingi kamera inafunguka papo hapo bila kufungua simu. Kama haifunguki, ingia kwenye mipangilio uiwashe. Faida si haraka tu. Kamera ikifunguliwa hivyo, anayeishika simu anaona picha ulizopiga wakati huo tu. Picha za harusi ya dada yako na meseji zako zinabaki zimefungwa.

Punguza ubora wa video hadi 720. Video ya 1080 inaweza kula zaidi ya MB 100 kwa dakika moja, na simu nyingi zinazofika mezani kwangu zimejaa mpaka shingoni, nusu yake ni video za "habari za asubuhi" za WhatsApp. Zifute. Hakuna kinachokera kama kuona tukio limekatika sekunde ya arobaini kwa sababu nafasi imeisha.

Washa bakapu ya Picha za Google. Google wanatoa GB 15 bure, na ukiruhusu itumie bando, video inaanza kupanda yenyewe ukishamaliza kurekodi. Lakini usiegemee huko peke yake. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa, na aliyetegemea wingu tu alibaki na simu yake mkononi. Weka memori kadi.

Halafu saa. Watu wa mikoa mingine wanaweza wasinielewe, wa Buhigwe, wilaya yetu ya mpakani na Burundi, watanielewa. Ukiwa karibu na Manyovu simu inaweza kunasa mnara wa Burundi, na Burundi wako nyuma yetu kwa saa moja. Simu iliyowekwa kujirekebisha yenyewe inarudi nyuma saa nzima bila kukuambia. Kandokando ya ziwa inaweza kufanya hivyohivyo kwa minara ya Kongo. Sasa fikiria unalalamika kwamba ulipigwa saa kumi jioni na faili linasema saa tisa. Anayekupinga hatahitaji hoja nyingine. Ingia kwenye mipangilio ya tarehe na saa, zima kujirekebisha, weka saa za Afrika Mashariki.

La mwisho la nyumbani: piga *#06#. Zitatokea tarakimu 15, ndiyo IMEI, namba ya utambulisho wa simu yako. Simu ya laini mbili itatoa namba mbili. Ziandike kwenye daftari, si kwenye simu. Utaona kazi yake baadaye.

Hatua ya tatu: tukio lenyewe

Umbali kwanza. Mimi huwaambia watu hatua kumi kubwa. Sheria haikutaja kipimo hicho. Ni cha kwangu, kwa sababu kutoka hapo sauti inasikika kidogo, sare inaonekana, na hakuna anayeweza kudai umemsukuma. Kama kuna mabomu ya machozi, fimbo au bunduki, hatua kumi hazitoshi, na pengine hakuna umbali unaotosha. Septemba 2, 2012, kijijini Nyololo, Mufindi, mwandishi wa Channel Ten Daudi Mwangosi aliuawa kwa bomu la machozi alilopigwa kwa karibu, katikati ya askari. Picha za tukio, akiwa amezungukwa, zilichapishwa magazetini, na mwaka 2016 Mahakama Kuu Iringa ilimhukumu askari mmoja kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Picha zilikuwa na kazi. Aliyekuwa kazini na kamera hakurudi nyumbani. Vurugu zikianza, ondoka.

Kwa tukio la kawaida, shika simu usawa wa kifua, ilaze ubavu. Usiinue juu ya kichwa kama mpiga picha za harusi. Inavuta macho na inatetemeka. Usivute karibu kwa vidole, video ya simu zetu ikivutwa inakuwa uji. Ukiwa Kibirizi au popote ufukweni, geuzia upepo mgongo, la sivyo kitakachosikika ni ziwa tu.

Anza kwa kuonyesha mahali: kibao cha duka, nguzo, namba ya gari. Sema mara moja, kwa sauti ya kawaida: "Leo Jumanne, saa nne asubuhi, hapa Gungu." Baada ya hapo nyamaza. Narudia, nyamaza. Video inayoleta maana ni ile inayomwacha askari aongee na raia aongee. Siku moja nilirudisha video ya kijana wa bodaboda. Pikipiki ilikuwa imezuiwa, na kwa mbali askari mmoja anasikika akitaja kiasi cha pesa. Nasema "anasikika" kwa hisani tu, maana juu ya sauti yake kuna kijana wetu akitukana mpaka ukoo. Tulikaa na spika masikioni nusu saa, tukirudisha nyuma, tukipeleka mbele, na kile kiasi hatukukipata. Ni yaleyale ya mdomo kuponza kichwa.

Nasa pia vitu vidogo: jina kifuani kama lipo, namba ya askari, cheo begani, namba ya gari la polisi, watu wengine walioshuhudia. Uso wa mtoto usiurekodi kwa karibu. Maiti na majeruhi pia. Hapo mwelekeze kamera askari, si damu.

Kuhusu rushwa barabarani, neno moja. Faini ya bodaboda na bajaji ilishushwa kutoka 30,000 hadi 10,000 mwaka 2021, na inalipwa kwa namba ya malipo, si mkononi. Kama umepewa karatasi yenye namba, kilichobaki cha kupiga picha ni hiyo karatasi. Kama unaombwa "ya soda", usitoe ili upate video nzuri. Kwa sheria yetu ya rushwa ya 2007 mtoaji naye ana kosa. Piga TAKUKURU 113, ni bure. Mitego wana namna yao ya kuiweka, si wewe na Infinix yako.

Hatua ya nne: ukiambiwa zima

Itatokea. Sauti yako ndiyo itakayoamua mengi.

"Wewe, unarekodi nini?"

"Afande, shikamoo. Nipo pembeni, siingilii kazi."

"Zima hiyo simu, lete hapa."

"Sawa afande, nashusha simu. Naomba kujua jina lako na kituo chako."

Ona kwamba sikumwandikia mtu huyu hotuba ya Katiba. Umemwita afande, umemsalimia, umesema hauingilii, umeomba jina. Yote hayo yamo kwenye rekodi. Akisisitiza, shusha simu. Kushusha hakufuti ulichokwisha kupata, na unaweza kurudi nyuma hatua nyingine kumi. Ukiona mkono unakuja, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja simu ijifunge, na kama una sekunde, izime kabisa.

Akiichukua, usivutane naye. Skrini ya elfu sabini inabadilishwa. Kesi ya kumshambulia askari haibadilishwi. Sema tu, wasikie waliopo: "Sijakubali simu ipekuliwe, naomba hati ya kuchukuliwa mali." Polisi wanapokamata mali kwenye upekuzi wanatakiwa kutoa stakabadhi yenye saini za waliokuwepo, na hapo ndipo ile IMEI inapofanya kazi: iandikwe, ili isije kurudishwa simu nyingine. Sheria ya Makosa ya Mtandao inamruhusu mkuu wa kituo, au mwenye cheo kinacholingana, kuamuru kifaa kikamatwe kikihusiana na uchunguzi, kwa hiyo usibishe kwamba haiwezekani kabisa. Uliza nani ameamuru.

Usifute video mwenyewe ukiwa umeshikwa. Ni ushahidi wako, na kufuta kitu ili kuharibu uchunguzi kunaweza kugeuzwa kosa lako. Ukilazimishwa kufuta, futa bila ubishi, ondoka, na uje haraka mezani kwa fundi unayemwamini. Usirekodi kitu kingine njiani.

Ukikamatwa wewe: uliza sababu, wanapaswa kukuambia. Omba kumjulisha ndugu au wakili. Huna lazima ya kuandika maelezo kabla hujaongea nao. Unatakiwa kupewa dhamana au kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, na ile karatasi ya ukutani inayosema dhamana ni bure inamaanisha bure.

Hatua ya tano: usiku wa siku hiyohiyo

Kama video ilifutwa, angalia kwanza kikapu cha vilivyofutwa ndani ya programu ya picha. Kwa kawaida kitu hukaa humo siku 30, na kilichokwisha kupanda Google hukaa siku 60. Watu wananilipa elfu tano kwa kitu ambacho wangekiona kwa kubonyeza mara mbili. Pesa napokea, lakini roho inanisuta. Kisichokuwemo kikapuni, acha kutumia simu mara moja. Kila picha mpya na kila video ya WhatsApp inayojipakua inaweza kulala juu ya ile uliyoipoteza.

Ikiwepo, usiikate, usiipambe, usiiwekee maandishi wala muziki. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitaka mahakama iangalie ushahidi wa namna hii ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na kama haujachezewa. Faili la kwanza libaki kama lilivyozaliwa. Nakala moja memori kadi, na ile kadi itolewe ikae kwa mama au kwa shangazi, si kwa rafiki mnayekunywa naye. Nakala nyingine mtumie mtu unayemwamini. Kwa WhatsApp, usiitume kama video. Itabanwa na kupoteza ubora. Bonyeza alama ya kubandikia, chagua hati, kisha lichague faili lenyewe. Linaruhusu hadi GB 2 na linafika kama lilivyo.

Andika ukurasa mmoja wa daftari kwa mkono: tarehe, saa, mahali, nani alisema nini, nani mwingine aliona. Kama kuna aliyeumizwa, chukua PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, na kama mnaogopa kurudi kituo kilekile, nendeni kingine. Piga picha majeraha leo na tena keshokutwa, michubuko hukomaa.

Hatua ya sita: kurusha au kutokurusha

Msimamo wangu, na najua vijana hawaupendi: usirushe usiku huohuo. Peleka kwanza. Baada ya intaneti kurudi mwaka 2025 watu walipokea meseji za kuonya dhidi ya kusambaza picha na video za kuleta taharuki. Si wakati wa kujaribu kina cha maji kwa miguu yote miwili.

Siku utakayoamua kurusha, andika ulichokiona tu. "Askari watatu, Katubuka, Jumatano saa tano asubuhi, wanamshusha mtu kwenye pikipiki" ni maelezo. "Polisi Kigoma waua tena" wakati hakuna aliyekufa ni kifungu cha 16. Ficha sura ya aliyekamatwa, huyo ana mama pia. Na video uliyotumiwa na mtu, hata kama imeandikwa "KIGOMA LEO", sikiliza kwanza wanaongea nini nyuma. Niliwahi kuletewa moja ya namna hiyo. Watu wanakimbia, mabomu yanalia, na nyuma mama anapiga kelele kwa Kilingala.

Hatua ya saba: mahali pa kupeleka

Ngazi ya kwanza ni mkuu wa kituo, akigoma OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, kisha ofisi ya RPC, kamanda wa polisi wa mkoa. Andika barua, nakala mbili, ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa. Ukifungua jalada usiondoke bila namba ya RB, ile ya kuonyesha kwamba taarifa yako imeandikwa kituoni. Toa nakala ya video, si simu. Wakitaka simu yenyewe, upewe hati. Wapo askari walioshtakiwa kijeshi na kufukuzwa kazi, kwa hiyo barua hiyo si kujifurahisha.

Nje ya polisi kuna Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, inayopokea malalamiko ya wananchi dhidi ya vyombo vya serikali. Kama huna pesa ya wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ipo kwa ajili yako: ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri, wanawajua wasaidizi wa kisheria wa kata. Nenda na daftari lako, ndilo watakalolisoma kwanza.

Na simu usiiuze. Yule kijana wa bodaboda wa matusi alirudi tena kwangu, safari hii na tukio jingine, na alikuwa amejifunza: hatua kumi, kimya, saa sahihi, kila kitu. Alipeleka malalamiko, ikapita miezi. Siku alipopigiwa kwamba aje na simu iliyorekodi, alinipigia mimi kwanza, akiuliza kama naweza kuipata. Alikuwa ameiuza Ujiji kwa elfu tisini, wiki moja nyuma.